Anwani, Barakoa na Chelezo: Uhakiki wa Istilahi za Mtandao kwa Mizani ya Suneka

Ubora wa istilahi haujulikani ikiwa imepangwa katika orodha. Orodha ina huruma nyingi: neno la Kiingereza husimama kushoto, la Kiswahili kulia, na jicho la msomaji huridhika kwa kuwa pengo limezibwa. Hukumu ya haki hupatikana pale neno linapotiwa katika sentensi ya amri, na amri hiyo ikatekelezwa na mtu asiye na mfasiri kando yake. Akikosea kwa sababu ya neno, neno ndilo lenye makosa.

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili haujautumia mtihani huu mara nyingi. Kanuni za uundaji zimeandikwa vizuri, hasa na Tumbo-Masabo na Mwansoko katika kiongozi chao cha mwaka 1992. Mijadala juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta imekwisha kuchosha wasikilizaji, na watumiaji wamekwisha kuchagua pasipo kungoja uamuzi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikafuata kwa kazi ya namna hiyo. Kazi hizo zastahili heshima. Lakini zilihusu zaidi maneno yanayokaa peke yake juu ya kioo: fungua, funga, hifadhi, chapa. Neno la aina hiyo husaidiwa na picha iliyo kando yake, na mtumiaji akilibonyeza kimakosa aweza kutengua. Istilahi za mtandao hazina msaada huo. Zaishi ndani ya maelekezo marefu, na athari ya kosa huonekana baada ya miezi.

Mizani ya uhakiki huu ni kazi moja tu, nayo ni kuzipangia anwani za mtandao seva mbili, moja ya kazi na moja ya kuikinga ya kwanza. Mahali ni Suneka, mji mdogo wa Bonchari katika kaunti ya Kisii, kando ya barabara kuu iendayo Migori. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, shule ya sekondari ya mji huo, yenye chumba cha kompyuta, ofisi ya karani wa karo na alama za mitihani za miaka kadhaa. Kitabu cha fundi wa shule hiyo kimeandikwa kwa Kiingereza. Maelezo yatolewayo kwa mdomo huwa kwa Kiswahili, na mambo yakiwa magumu, kwa Ekegusii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo fundi akitaka maelekezo ya kazi hii yaliyoandikwa kwa lugha hiyo rasmi, ni shida kuyapata. Ikiwa yataandikwa, yataandikwa kwa maneno gani?

Sanduku la Posta

Neno la kwanza ni anwani, nalo halikuletwa na kompyuta. Kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya kichwa cha maandishi na maelezo yaandikwayo juu ya barua, na Kiswahili kimelipokea kwa maana zote mbili. Linasikika vyema, linajulikana na kila mtu, na hakuna sababu ya kulibadili. Lililosahauliwa na wafasiri ni kwamba anwani ya Afrika Mashariki haifanani na anwani ya Ulaya, ambako istiari hii ilizaliwa. Huko anwani ni nyumba: barabara, nambari ya mlango, na mtu wa posta anayebisha hodi. Huku anwani ni sanduku. S.L.P. ni kijumba cha bati katika ukuta wa posta, na funguo zake huenda zikashikwa na shule, kanisa au duka, ambalo hupokea barua za watu wengi.

Kwa bahati njema, sanduku laeleza mtandao wa leo kuliko nyumba ya Ulaya. Anwani za toleo la nne, zilizosanifiwa mwaka 1981, zina tarakimu thelathini na mbili za sufuri na moja, kwa hiyo jumla yake ni kiasi cha milioni elfu nne na mia tatu, idadi iliyoonekana kubwa wakati huo na ambayo haikutosha. Ghala kuu la dunia lilimaliza kugawa mafungu yake Februari 2011. Dawa iliyokuwa imekwisha kupatikana ni kutenga mafungu ya anwani za ndani, ambazo zilipewa sura yake ya kudumu mwaka 1996: zile zianzazo kwa 10, kwa 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Hizi hazitambulikani nje. Shule nzima hutoka nje kwa anwani moja, na kifaa kilicho mlangoni hukumbuka ni kompyuta ipi iliyouliza nini, kisha humpa kila mmoja jibu lake. Mtoto wa Suneka hahitaji mhadhara juu ya jambo hili. Anajua kwamba barua zote za shule huingia katika sanduku moja, na kwamba jina la mwanafunzi na darasa lake lililoandikwa juu ya bahasha lina maana kwa mwalimu wa zamu peke yake, posta hailisomi. Anajua pia kwamba shule ya jirani ina darasa lenye jina lile lile na hakuna barua inayopotea kwa ajili hiyo.

Lakini istiari inayofundisha vyema hapa hudanganya pale. Watu wawili hutumia sanduku moja bila ugomvi wowote. Kompyuta mbili zilizo katika mtandao mmoja zikipewa anwani moja zitagombana: ujumbe wa kwanza utafika kwa hii, wa pili kwa ile, na fundi ataona mtandao unaokuja na kuondoka kama redio yenye betri mbovu. Fundi aliyejifunza kwamba anwani ni sanduku hana sababu ya kushuku. Seva ya pili ni ya kuisaidia ya kwanza. Ni watu wa nyumba moja. Kwa nini zisitumie sanduku moja? Wazo hili si la kijinga. Limetoka moja kwa moja katika maana ya neno alilopewa. Kwa hiyo mwandishi wa maelekezo ya Kiswahili hana budi kuongeza sentensi ambayo mwenzake wa London hakuihitaji: kwamba nje ya lango anwani ni sanduku la wote, na ndani ya lango ni jina la mtu mmoja. Kukitafsiri kitabu cha Kiingereza neno kwa neno, hata kwa usahihi kamili, kutaiacha sentensi hiyo nje, maana haimo katika kitabu.

Barakoa au Kiambishi

Hapa ndipo tafsiri ya kufuata inapoonyesha udhaifu wake wote. Kila anwani ya toleo la nne huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Sehemu ya mbele ni ya mtandao, yaani ya ukoo wote. Sehemu ya nyuma ni ya kompyuta yenyewe. Mpaka baina ya sehemu hizo hauonekani kwa macho, na lazima utajwe. Waingereza huutaja kwa safu nyingine ya namba, mathalani 255.255.255.0, ambayo wameipa jina la kinyago, na mfasiri mwenye haraka hana safari ndefu kutoka hapo hadi barakoa.

Barakoa ni nini kwa Mswahili? Kwa watu wa Unguja na Omani ni vazi la mwanamke la kufunika uso. Tangu mwaka 2020 ni kitambaa cha kujikinga na korona, na maana hii imefika hadi kila soko la bara. Katika maana zote mbili barakoa inaficha au inazuia. Safu ya 255.255.255.0 haifichi kitu wala haizuii mtu. Fundi akiambiwa aiwekee seva yake barakoa atadhani ameambiwa aikinge na wezi, na atashangaa kwa nini barakoa ya mtandao mmoja yapaswa kuwa sawa kwa mashine zote.

Ajabu ni kwamba neno linalofaa limo katika kila kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Wahandisi wenyewe, wanapoandika kwa mkato, huacha ile safu ya namba na kutaja urefu wa kiambishi tu: 192.168.10.0/24 ni kusema kwamba tarakimu ishirini na nne za mwanzo ndizo kiambishi. Na uhusiano huu na sarufi ni wa ndani kuliko jina. Kuanzia 1981 anwani ziligawanywa katika madaraja ya A, B na C, na daraja lilijulikana kwa tarakimu za mwanzo kabisa, kama vile ki- inavyotangaza ngeli kabla ya shina kusikika. Kila ngeli ilikuwa na mpaka wake usiobadilika. Mwaka 1993 utaratibu huo wa ngeli ukaachwa, mpaka ukaruhusiwa kukaa popote, na ndiyo sababu tangu hapo urefu wa kiambishi hauna budi kutajwa waziwazi.

Kwa Mgusii, wazo la kiambishi chenye urefu unaobadilika si geni hata kidogo. Asemapo Kiswahili husema mtu na watu, na mpaka hukaa baada ya m- na wa-. Akirudi nyumbani husema omonto na abanto, na mpaka umesogea: mbele ya kiambishi kimesimama kiambishi kingine. Shina ni lile lile kwa asili, bali sehemu ya mbele imerefuka. Abanchari ni watu, Bonchari ni nchi yao. Mtoto aliyekua akivuka kati ya lugha hizi mbili kila siku amekwisha kujua, pasipo kufundishwa, kwamba ili kulielewa jina ni lazima kwanza kujua kiambishi chake kinaishia wapi. Mwalimu wa kompyuta aliyempa barakoa amemnyang'anya ujuzi huo na kumpa fumbo.

Madhara yake si ya nadharia. Tuseme seva ya kazi ya shule imepewa 192.168.10.20 na ya kuikinga 192.168.10.11, na kiambishi ni cha tarakimu 24. Zote mbili ni za ukoo mmoja, na zaongea ana kwa ana. Sasa fundi asiyeelewa safu aliyoambiwa kuiandika anaandika 255.255.255.240 kwenye seva ya pili, kwa kuwa ndiyo aliyoiona katika kitabu. Kiambishi kimekuwa cha tarakimu 28. Ukoo wa mashine hiyo sasa waishia kwenye 15, na mwenzake wa 20 amekuwa mgeni. Majibu yote yapitie langoni. Na ikiwa seva hiyo, kwa usalama wake, haikupewa lango, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi waangalifu, basi haina njia ya kumjibu jirani aliye kwenye meza moja nayo. Taa za waya zinawaka. Hakuna dalili ya ugonjwa. Nakala za usiku hazifiki, na hakuna atakayejua hadi siku alama zitakapotakiwa. Fundi anayefikiri kwa kiambishi angeliona kosa mara moja, kwani angejiuliza kama 11 na 20 zimo katika ukoo mmoja. Anayefikiri kwa barakoa hana swali la kujiuliza.

Yafaa iongezwe kwamba katika anwani za toleo la sita, zenye tarakimu 128, safu ya kinyago imetoweka kabisa na kiambishi peke yake kimebaki. Barakoa haina maisha marefu hata kwa Waingereza.

Chelezo na Akiba

Neno la tatu ndilo gumu, na lastahili kuchunguzwa kwa subira. Kwa dhana ya kuweka nakala ya kukinga hasara, wafasiri wa programu wametumia hifadhi nakala, nakala rudufu, na pia cheleza pamoja na nomino yake chelezo. Hili la mwisho limewachekesha baadhi ya watu wa pwani, ambao chelezo kwao ni kitu cha kuelea: boya la nanga au la wavu. Kicheko chao kina haki kwa nomino; kwa kitenzi hakina. Chelezo la baharini limetoka katika elea. Cheleza, kwa maana ya kuweka kitu mpaka kuche, ni wa jamaa ya kucha na chelewa. Ni kitenzi cha chakula kilichowekwa hadi asubuhi. Mizizi miwili imekutana katika sauti moja. Na kwa kweli ni vigumu kupata kitenzi kinachofaa zaidi, kwani kazi hii hufanywa usiku, shule ikiwa imelala, ili kulipokucha pawe na kitu cha kurudia. Aliyelichagua alikuwa na sikio zuri.

Tatizo halimo katika cheleza. Limo katika kuifuata Kiingereza kinapotumia neno moja kwa vitu viwili. Seva ya kukinga yaweza kuwa mashine inayotunza nakala za kazi ya jana, haifanyi lingine, na haina haja ya kujulikana na mtu ila na seva inayoiletea nakala. Au yaweza kuwa mashine iliyo tayari, inayongoja ya kwanza ianguke ili ishike kazi papo hapo. Kiingereza huita zote mbili kwa jina moja na kumwachia msomaji atambue kwa muktadha. Kiswahili hakikuwa na haja ya umaskini huo. Kila dereva wa matatu ya Kisii anajua tairi la akiba ni nini, na kila mshabiki wa mpira anamjua mchezaji wa akiba: ni yule anayeingia mahali pa mwenzake na kucheza nafasi yake. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba mchezaji wa akiba ni picha ya yule aliyetoka.

Tofauti hii yagusa anwani moja kwa moja. Seva ya nakala yataka anwani yake yenyewe, isiyobadilika, nje ya fungu ambalo kifaa cha mlangoni huwagawia wageni. Ikiachwa ipokee anwani ya kugawiwa, umeme ukikatika na kurudi yaweza kupewa nyingine, na seva ya kazi itaendelea kupeleka nakala mahali ambapo hapana mtu. Kwa seva ya akiba mambo ni mengine. Kompyuta za karani na za walimu zimezoea kuuliza katika anwani moja. Seva ya kazi ikianguka, wao hawatakiwi kubadili kitu. Kwa hiyo kila mashine hupewa anwani yake, kisha huwekwa anwani ya tatu ambayo si ya mashine yoyote kwa kudumu: hushikwa na iliyo kazini, na hiyo ikinyamaza, ya akiba huitwaa na kuwatangazia jirani zake kwamba sasa ni yake. Itifaki ya mtindo huu ilisanifiwa mwaka 1998 kwa ajili ya vifaa vya njia, na mafundi wakaitumia kwa seva pia.

Sasa na irejewe ile amri ya orodha: pangia anwani seva ya chelezo. Fundi wa Suneka afanye lipi? Akidhani ni nakala, ataipa anwani ya peke yake, na siku seva ya kazi itakapokufa hakuna kompyuta itakayoifuata hiyo nyingine. Akidhani ni akiba, na akakumbuka lile sanduku la posta, ataziwekea mashine mbili anwani moja kwa wakati mmoja, na zote zitaharibika. Amri imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, haina kosa la sarufi, na haitekelezeki.

Wahandisi huiita ile anwani ya tatu kwa neno la kuelea, na mtu anayependa utani aweza kusema kwamba hapa hatimaye chelezo la wavuvi limepata kazi. Utani huo usiingie katika kamusi. Kinachoelea hakina mwenyewe wala utaratibu, ilhali anwani hii ina mwenyewe kila saa, na kanuni ya nani afuate. Kiswahili kina neno zamu. Mwalimu wa zamu ni mmoja kwa wakati wake, hubadilika, na wote wanajua pa kumwona. Anwani ya zamu yaeleweka na karani wa karo kabla hajaelezwa.

Laweza kuletwa pingamizi kwamba uchaguzi huu wa maneno utaleta Kiswahili cha mitandao kisicholingana na Kiingereza neno kwa neno, na kwamba mwanafunzi atapata taabu akifika kwenye mitihani iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Pingamizi lina uzito kwa mwalimu wa darasa la mwisho. Kwa mwandishi wa istilahi halina, kwa kuwa laichukua taabu ya mfumo wa mitihani na kuifanya kanuni ya lugha. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba kuna nakala na kuna akiba hatapotea akikuta jina moja la Kiingereza kwa zote mbili. Atauliza ni ipi. Asiyeelewa ataandika jina lile kwa imla nzuri.

Yamebaki maneno madogo. Lango limekubalika na halina kasoro. Kikoa, kwa jina la eneo la mtandao, ni chaguo la kushangaza, kwa kuwa kikoa cha zamani ni chakula cha ushirika ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu, na sifa ya eneo la mtandao ni kuwa na msimamizi mmoja. Bali limekwisha kuenea, na kulipinga sasa ni kupoteza wino. Seva haina maana ya ndani kwa Mswahili, na huenda ndiyo salama yake, maana mhudumu na mtumishi yangalileta adabu zisizohitajiwa katika chumba cha mashine. Na baina ya namba na nambari kila nchi ibaki na yake.

Maelekezo ya kazi ile yangeweza basi kuandikwa hivi: Ipe seva ya nakala anwani isiyobadilika, 192.168.10.11, yenye kiambishi cha tarakimu 24, nje ya fungu la kugawiwa, usiipe lango. Ipe seva ya kazi 192.168.10.20 na ya akiba 192.168.10.21, kwa kiambishi kile kile. Weka 192.168.10.5 iwe anwani ya zamu, na kompyuta zote za ofisi ziulize hapo. Kisha zima seva ya kazi mchana, karani akiwa anatazama, uone kama kazi yake inaendelea.